Pasi yangu ya basi haijarudi, na ya marehemu imo kwenye droo

Mshauri,

Shikamoo ikiwa umenizidi umri, na ikiwa mimi ndiye mkubwa basi pokea salaam zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 73, mzaliwa wa Tanga, naishi Uingereza tangu 1989. Mji wenyewe sitautaja, maana Waswahili tulioko hapa tunahesabika na kila mtu anamjua mwenzake. Nilifanya usafi wa usiku hospitalini kwa miaka 16, kisha nikawa nalea wazee wa watu mpaka na mimi nikazeeka. Sasa nakula pensheni. Mume wangu alifariki Novemba iliyopita.

Tatizo langu litaonekana dogo. Ni pasi ya basi.

Kwa wasiojua, huku England mtu akifika umri wa pensheni ya serikali hupewa na halmashauri ya anakoishi kadi yenye picha yake, na kwa kadi hiyo hupanda basi bure kuanzia saa 3:30 asubuhi mpaka saa 5 usiku siku za kazi, na siku nzima Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Yangu iliisha tarehe 31 Machi. Miaka ya nyuma ilikuwa ikikaribia kuisha, mpya inakuja yenyewe kwa posta. Safari hii ilikuja barua kwamba lazima niombe upya kwa intaneti, niweke picha mpya na uthibitisho wa anwani. Binti yangu alikuja Jumapili moja ya Februari, akanijazia kwenye simu yake, akanipiga picha palepale jikoni mgongo ukutani, akasema, "Tayari Mama, ni kusubiri tu."

Nimesubiri. Leo ni wiki ya 11 tangu ile ya zamani iishe. Barua zikidondoka mlangoni nainuka mbiombio kama msichana anayengoja posa, nakuta ni matangazo ya madirisha. Nimepiga simu halmashauri mara tatu. Mara ya kwanza nilisikilizishwa muziki dakika 40, simu ikakatika. Mara ya pili kijana aliniambia, kwa adabu kabisa, kwamba maombi ni mengi, nivumilie. Mara ya tatu niliambiwa nitazame kwenye akaunti yangu. Sina akaunti. Nikaona aibu kusema sina, nikashukuru, nikakata simu.

Sasa nieleze kwa nini nalilia basi. Nina somo yangu, tumejuana tangu mwaka ule niliofika. Alinikuta kituoni nimevaa sweta moja, natetemeka, hatujuani hata jina. Akavua glovu zake akanivisha, ndipo akaniuliza mtoto wa nani. Leo yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee, upande wa pili wa mji. Akili imeanza kumtoka. Kiingereza alichokisema miaka 40 kimefutika, kimebaki Kiswahili, na pale hakuna hata mmoja anayekijua. Wahudumu ni wema, siwasemi vibaya, lakini wakimletea kijiko anafumba mdomo na kugeuka ukutani. Mimi nikikaa naye nikamwambia, "Haya somo, bismillahi, tonge moja langu, moja lako," anakula mpaka sahani nyeupe. Nilikuwa nakwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi.

Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja imewekewa kikomo cha paundi 3, na watu wanasema ni nafuu. Lakini mabasi manne ni paundi 12 kwa siku, na siku tatu ni paundi 36 kwa wiki. Sinazo. Nimebakisha Jumatano peke yake. Juzi somo akanitazama, akasema, "Ulisafiri? Mbona hukuniaga?"

Hapa ndipo pa kuficha uso. Pasi ya marehemu mume wangu ipo bado, imo kwenye droo ya kabati pamoja na saa yake. Inaisha mwaka 2027. Mwezi wa tano, siku ya mvua, niliichukua. Nikapanda basi, nikaigusisha kwenye mashine, taa ikawaka kijani, dereva hakuniangalia hata usoni. Nikaenda kumlisha somo. Ijumaa nikarudia. Siku ile ya pili nilikaa kiti cha nyuma nikaitazama picha yake, amevaa kofia yake ya mkono aliyoipenda, nikaona kama nimemfufua mtu wa watu ili nimtume kuiba. Tangu hapo nimeirudisha. Lakini kila Jumatatu asubuhi naifungua ile droo, halafu naifunga.

Binti yangu hajui. Kila nikitaja pasi anasema, "Mama, pasi ya nini? Njoo ukae kwetu." Anaishi mji mwingine, saa moja na robo kwa gari. Chumba anacho, na mapenzi anayo, sikatai. Ila siku hizi nawaza mawazo mabaya. Nawaza labda yale maombi hakuyatuma. Labda anangoja nichoke. Naona haya kuandika hivi juu ya mtoto niliyemzaa.

Jirani yangu Mwingereza ananiambia nipeleke malalamiko rasmi. Naogopa. Sisi ni wageni, hata pasipoti ikiandika vingine. Kitu cha bure unakidaije? Na nikipiga kelele, si wataangalia kwenye kompyuta zao waone pasi ya maiti imepanda basi mwezi wa tano?

Niendelee kusubiri? Nitumie ya marehemu mpaka yangu ifike, maana haki ni ileile, jina tu limetofautiana? Nimwambie binti? Au nikubali kuhama, yaishe?

Mwenye droo

*

Shikamoo mama.

Wewe ndiye mkubwa, tena kwa miaka mingi, kwa hiyo shikamoo ni deni langu. Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikairudia usiku, na mara zote mbili nilikwama palepale, kwa yule mwanamke aliyevua glovu zake. Nasema hivi mapema ili usidhani nitakujibu kama mtu aliyeulizwa habari za kadi.

Kwa maneno yangu, nimekuelewa hivi. Kwa miaka mingi ulikuwa na uwezo wa kufunga mlango wako saa tatu na nusu na kwenda utakako bila kumwomba mtu nauli, gari wala ruhusa. Mwezi Novemba ulimpoteza mwenzako. Mwishoni mwa Machi ukapoteza na ile njia ya kutoka nyumbani. Watu watatu wameguswa na hilo: wewe unayehesabu paundi, somo anayedhani umesafiri, na binti anayeona suluhisho ambalo wewe unaliona kama kufungiwa. Katikati pana droo. Ukiniambia hilo ni tatizo dogo, mama, sitakubali.

Nianze na neno moja ulilolitupa mwishoni kana kwamba halina uzito: "Kitu cha bure unakidaije?" Naomba tulitazame. Sheria ya pasi hizo ilipitishwa mwaka 2007, na tangu tarehe 1 Aprili 2008 mwenye pasi anapanda basi la kawaida popote England, si kwenye eneo lake tu. Sharti lake ni umri na mahali unapoishi. Haiulizi ulizaliwa Tanga au wapi, haiulizi una akiba kiasi gani, wala halmashauri haitoi kwa huruma ya mtu aliyekaa dirishani. Nyuma ya kila mguso wa kadi, kampuni ya basi hulipwa fidia kutoka fedha za umma, na fedha hizo ulizichangia kila mwezi uliposafisha zile wodi. Sikuambii haya ili ukagombane na mtu. Nauliza tu: je, ungesema "sisi ni wageni" kama kingekuwa ni mshahara wako uliochelewa wiki 11? Kama jibu lako ni hapana, basi huenda kinachokuzuia kuuliza ni hisia ya zamani, ya ile baridi ya 1989, na hiyo nayo inastahili kusikilizwa, ila isiachiwe ishike usukani.

Sasa tuje kwenye kusubiri. Umenieleza simu tatu, na ya tatu ndiyo iliyonifanya nisimame. Walikwambia utazame kwenye akaunti yako, ukajibu moyoni kwamba huna. Mama, huenda unayo. Maombi ya intaneti kwa kawaida hayaendi mpaka mtu aandike anwani ya barua-pepe, na mara nyingi mfumo humfungulia akaunti palepale. Siku ile ya Februari simu ilikuwa ya binti yako. Barua-pepe iliyoandikwa ilikuwa ya nani? Kama ni yake, basi lolote ambalo halmashauri imelijibu tangu Februari limekwenda kwake, labda limeangukia kwenye lile kapu la ujumbe wa takataka ambalo hakuna anayelifungua. Picha iliyopigwa jikoni mgongo ukutani inaweza kukataliwa kwa kivuli tu. Uthibitisho wa anwani unaweza kukataliwa kwa kuwa tarehe yake imepita. Maombi yakishakataliwa hivyo, mara nyingi husimama yakimngoja mwombaji, na mwombaji naye yuko mlangoni anaingoja posta. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwako. Lakini kabla hujaamini kwamba wamekusahau, au kwamba mwanao amekufanyia hila, hapo ni mahali pa kuchungulia, na kuchungulia kwenyewe ni kazi ya dakika tano.

Hilo linatufikisha kwa binti, na hapa nakwenda polepole. Umeandika kwamba labda hakuyatuma maombi, kisha ukaona haya. Usijione mtu mbaya. Anayekaa peke yake na jambo kwa wiki 11 huanza kuona vivuli, na aliyefiwa huviona haraka zaidi. Mimi simjui binti yako. Naona tu mambo mawili yanayoweza kuwa kweli kwa pamoja: kwamba angefurahi sana uhamie kwake, na kwamba alibonyeza kitufe cha kutuma kwa nia safi. Hata lile neno lake, "pasi ya nini," nalisikia kwa namna mbili. Ukilisikia kwa namna moja anakudharau. Kwa namna nyingine ni mtoto aliyemzika baba yake Novemba, anaogopa simu ya usiku kutoka mji wa mbali, na hajui aseme nini.

Ukiamua kumuuliza, kuna namna ya kuuliza inayofungua na kuna inayofunga. "Uliyatuma kweli?" inamweka kizimbani. "Mwanangu, ukija Jumapili naomba tufungue pamoja tuone halmashauri imejibu nini, nimeambiwa kuna akaunti" inamweka kando yako, nyote mnatazama kioo kimoja. Hatari ipo hata hivyo. Unaweza kukuta hakuna kilichotumwa, na utahitaji kujua mapema utakalosema ikiwa hivyo. Unaweza pia kukuta ujumbe wa mwezi wa tatu ambao hakuuona, naye akajisikia vibaya kuliko wewe. Na kama hutaki kabisa kupitia kwake, mlango mwingine upo: halmashauri nyingi zina ofisi au maktaba ambako mtu huketi na mhudumu na kujaza fomu ya karatasi, uso kwa uso. Nenda na kitambulisho chako na barua ya karibuni ya kodi ya halmashauri. Ukiulizwa kuhusu akaunti, sema hivi: "Mwanangu alinijazia, sijui akaunti iko wapi, nisaidie kuitafuta." Hakuna aibu katika sentensi hiyo. Nadhani yule wa simu ya tatu angekusaidia kama angelijua hilo, lakini wewe ulimshukuru ukakata. Uungwana wetu huo, mama, naujua, hata mama yangu anao. Hukufanya kosa. Ila anayepokea simu hajui kwamba "ahsante" yako imeficha "sikuelewa."

Jirani yako anasema malalamiko rasmi. Anaweza kuwa sahihi, na wewe unaweza kuwa sahihi kuona kwamba bado ni mapema. Kati ya kunyamaza na kulalamika rasmi kuna hatua ambazo watu huziruka. Unaweza kuomba namba ya maombi yako, uiandike, pamoja na tarehe na jina la kila unayezungumza naye. Unaweza kuuliza kama wana barua ya muda ya kumwonyesha dereva, na kama nauli ulizolipa tangu Aprili zinaweza kurudishwa. Mahali pengine wanakubali na pengine wanakataa, lakini asiyeuliza hapewi, na tikiti zitunze hata kama jibu litakuwa hapana. Unaweza kumwandikia diwani wa kata yako, ambaye kusukuma mambo ya namna hii ni sehemu ya kazi yake, na huhitaji hasira ili kumwandikia. Malalamiko rasmi yakija baadaye na yasipotatua, yuko msuluhishi huru wa malalamiko dhidi ya halmashauri, na huduma yake hailipiwi. Njia hiyo ina gharama yake: ni ndefu, ina karatasi nyingi, na kwa mtu mwenye msiba mbichi kila barua ni mzigo. Wewe ndiye unayejua mgongo wako unabeba kiasi gani mwezi huu.

Sasa ile droo.

Umeniuliza kama haki si ileile, jina tu limetofautiana. Naelewa hoja hiyo inakotoka, na ina ukweli ndani yake: unastahili kupanda lile basi bure. Lakini pasi si haki yenyewe, ni ushahidi kwamba mtu fulani anayo, na ile ya droo inamshuhudia mtu ambaye safari zake zimekwisha. Kadi ni mali ya halmashauri iliyoitoa, na anayekutwa na isiyo yake anaweza kunyang'anywa. Watu wamewahi kufikishwa mahakamani kwa kutumia pasi za wengine. Isitoshe, kila baada ya miaka miwili orodha za pasi hulinganishwa na orodha za waliofariki, kitaifa, na kadi za marehemu huzimwa. Ukiendelea, hujui ni Jumatatu ipi taa ya kijani itageuka nyekundu, basi limejaa watu, na mkononi mwako imo picha ya mume wako. Hilo la mwisho ndilo ninalolihofia kwako kuliko faini. Umesema hali ilivyokuwa ukiwa umekaa tu kiti cha nyuma na hakuna aliyekuona.

Pia sitajifanya sioni upande wa pili wa mizani, ambako mwanamke mzee anafumba mdomo na kugeukia ukuta. Ulipoifungua droo hukwenda dukani kujinunulia vitu. Nani atakuhukumu kwa hilo? Si mimi.

Kuhusu safari zile mbili ambazo zimeshapita: unaogopa kwamba ukiuliza ya kwako wataona na ile. Siwezi kukuhakikishia wataona nini au watafanya nini, na yeyote anayekuhakikishia kwa mbali anakubahatishia. Ila kabla hofu hiyo haijakunyamazisha moja kwa moja, zungumza na Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi. Ushauri wao ni bure na ni wa siri, na unaweza kuwaeleza yote kama ulivyonieleza mimi, kisha wakakuambia wanavyoliona kisheria. Waambie pia kwamba pasi ya marehemu haijafutwa. Familia nyingi hutoa taarifa ya kifo kwenye pensheni, benki na pasipoti, na kadi ya basi inasahaulika, hakuna aibu hapo. Halmashauri itahitaji kuizima. Na kama kinachokuuma ni kuachana na ile picha ya kofia ya mkono, sema wazi. Waulize kama wanaweza kuifuta kwenye mfumo na kukuachia, au itoe nakala kubwa ya picha kabla ya kuirudisha. Nashuku droo hiyo unaifungua kwa sababu zaidi ya nauli, na Jumatatu nyingine huenda hata hukuwa unaiwazia basi.

Kuna dhana moja zaidi ningependa kuigusa kwa mkono mwepesi, maana inahusu kitu unachokipenda. Umeniambia kwamba bila wewe somo hali. Naamini ndivyo ulivyoona. Lakini nadhani anachokipokea kwako kina vipande viwili: wewe mwenyewe, na Kiswahili. Kipande cha kwanza hakiazimwi. Cha pili kinaweza kuazimwa kidogo. Kurudi kwenye lugha ya utotoni ni jambo linalowapata wengi waliojifunza lugha nyingine ukubwani wakishaanza kupoteza kumbukumbu, na nyumba ya wazee inayojua kazi yake itataka kulijua. Umewahi kukaa na msimamizi ukamweleza? Waandikie maneno kumi kwenye karatasi kubwa, namna yanavyotamkwa kwa masikio yao: haya somo, bismillahi, tonge, maji, pole, tayari. Rekodi sauti yako kwenye simu ya mhudumu, "tonge moja langu, moja lako," waicheze wakati wa chakula. Uliza kama wanaweza kukupigia simu ya video saa ya mchana Jumatatu na Ijumaa, ule kwako naye ale kwake. Huenda lisifanye kazi. Huenda sauti bila uso ikamtia wasiwasi, na ikiwa hivyo mtaacha. Lakini wewe umelea wazee miaka mingi, unajua kuliko mimi namna ya kuwafundisha wale wasichana, na kufanya hivyo hakutapunguza nafasi yako kwake hata kidogo. Kwa nauli nayo, muulize dereva kuhusu tikiti ya siku nzima. Miji mingi inayo, na mara nyingi ni nafuu kuliko kulipa basi moja moja mara nne. Sijui kwenu ni kiasi gani, ila ikikuongezea hata Ijumaa mbili kwa mwezi, si haba.

Limebaki la kuhama, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ingawa umeliweka mwisho kwa neno moja: "yaishe." Nimeliangalia sana neno hilo. Kitu gani kiishe, mama? Kama ni kungoja kadi, kuhama hakutamaliza kungoja huko, kwani mji mpya ni halmashauri nyingine na pasi utaiomba upya kwa anwani mpya. Kama ni upweke wa nyumba yenye kiti kitupu, hapo kuhama kunaweza kuwa na dawa yake kweli, na usiidharau: sauti za watu asubuhi, mtu wa kukuuliza umelalaje. Kama ni kuogopa kwamba utamlemea binti kwa kila safari, basi huenda kwake ndiko utakapoomba lifti zaidi. Na somo atakuwa mbali kwa saa moja na robo ya gari. Mimi nisingependa uamue jambo la miaka kwa sababu ya kitu ambacho huenda kimekwama kwenye kapu la barua-pepe, lakini pia nisingependa ukatae wema wa mwanao kwa sababu tu umekuja wakati mmoja na uchovu. Kati ya kuhama na kutohama kuna kwenda kukaa wiki mbili na begi moja, ukaona chumba kinavyolala. Ukiwa kule utamkosa somo kiasi gani? Je, binti anajua hata kwamba somo yupo, na kwamba glovu zile ni zake? Barua yako haisemi kama uliwahi kumsimulia. Huenda "pasi ya nini" lingekuwa swali jingine kabisa kama angejua jibu lake.

Ukishafungua ile akaunti, niandikie wameandika nini. Niandikie pia, tafadhali, kama somo alikula Ijumaa, na kama msichana yeyote pale ameweza kutamka "tonge."